Alama Nyekundu Kwenye Ukuta Imara

Asubuhi ile mpelelezi hakuwa na gari, kwa sababu gari la kituo lilikuwa gereji, limepandishwa juu ya mawe likisubiri magurudumu. Hakuwa na shahidi aliyeuona ukuta ukianguka. Wote waliokuwa mtaani waliona vumbi tu. Hakuwa na mtu hata mmoja mwenye ugomvi na fundi cherehani aliyeangukiwa. Hakuwa na magoti ya kupandia ngazi ndefu. Hakuwa na muda, maana mkuu wa kituo alitaka jalada lifike kwa mwendesha mashtaka siku hiyohiyo, kabla ofisi hazijafungwa. Na kubwa kuliko hayo yote, hakuwa na uongo. Katika kazi yake alizoea kuukamata uongo wa mtu mmoja na kuuvuta taratibu kama uzi wa sweta, mpaka sweta zima likafumuka. Safari hii mezani kwake palikuwa na maelezo ya watu watatu. Yalipingana, na bado hakuona hata moja lenye uzi wa kuvuta.

Pale kituoni walimwita Kobe. Alikuwa mtu wa kusoma karatasi mara mbili kabla ya kuigeuza, na hakulikataa jina hilo.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Katika mtaa wa maduka lilisimama jengo la ghorofa tano lenye paa bapa la zege. Pembeni mwa paa kulikuwa na ukuta wa ukingo, unaomfika mtu kiunoni, uliojengwa ili aliye juu asianguke. Ubaya wa ukuta wa namna hiyo ni kwamba ukichoka, wenyewe ndio unaoanguka, na chini wapo watu. Kwa hiyo jiji lilikuwa limetunga sheria: kila mwenye jengo refu linalotazama barabara lazima ukuta wake ukaguliwe kila mwaka. Mkaguzi hupanda na timazi yake, ile kamba yenye uzito ya kupimia wima, huusukuma ukuta kwa bega, huugonga kwa mpini wa nyundo akisikiliza. Palipo pazima hupaka rangi ya kijani. Palipo pabovu hupaka nyekundu, na cheti chake husema maneno yaleyale kila mara: sehemu yenye alama nyekundu ibomolewe na ijengwe upya.

Jengo lile lilikaguliwa. Penye nyekundu pakabomolewa na kujengwa upya. Kisha, asubuhi moja baada ya mvua, kipande cha ukuta upande wa kona kikaporomoka, kikachana turubai la kibaraza na kumvunja fundi cherehani bega na mguu. Kifuniko cha zege kilichokuwa juu ya ukuta huo, kilichookotwa barabarani, kilikuwa na alama ya kijani.

Mkuu wa kituo hakuhitaji zaidi. Katika stoo ya mtunza jengo palikutwa kopo la rangi ya kijani, na brashi ndani yake. Mtunza jengo akawekwa mahabusu. Shtaka lililoandaliwa lilikuwa la kughushi alama ya usalama na kusababisha majeraha, na mtu hatoki kwenye shtaka kama hilo kwa kuomba radhi.

Mke wake, Mama Pacha, alikuwa kwenye benchi la mapokezi tangu mlango ulipofunguliwa. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili.

"Afande, leo mtamtoa au mtaniingiza na mimi? Nyumbani wanangu wananiuliza, na nimechoka kudanganya."

"Umewaambia nini?" aliuliza Kobe.

"Kwamba baba yao yuko semina."

Koplo aliyekuwa kaunta, mama wa makamo mwenye mabega mapana, aliinamia kitabu chake kuficha kicheko.

"Semina ya nini, shemeji?"

"Ya kulala sakafuni. Mwambie atakapomaliza wampe cheti."

Kobe hakucheka. Alimwambia ukweli, kwamba jalada likiondoka leo kama lilivyo, mumewe ataondoka nalo.

"Basi usikae hapa unanitazama mimi," alisema Mama Pacha. "Kasimame."

Huko mahabusu, Baba Pacha alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani. Kobe alichuchumaa upande wa pili wa nondo, magoti yakalia.

"Nianze tena mwanzo?" aliuliza mtunza jengo.

"Anza na nyekundu. Ilikuwa wapi?"

"Karibu na tangi la maji. Upande wa mwisho kabisa, mbali na kona."

"Uliiona mwenyewe?"

"Nilisimama hapo nikimmiminia mwashi maji ya saruji, afande. Hata nguo zangu ziliharibika. Mama Pacha alinisema wiki nzima."

"Na kona ya mtaa?"

"Kijani tupu. Penye kijani hatugusi."

"Baada ya mkaguzi kushuka, nani aligusa ule ukuta?"

"Mwashi tu. Hakuna mwingine."

"Kopo la rangi?"

"La mkaguzi. Aliniachia mabaki nikapake mlango wa mita ya maji. Nendeni mkautazame, uko palepale unang'aa."

Koplo alikuwa ameshautazama. Mlango wa mita ulikuwa umepakwa vizuri, kijani kilekile. Na mkaguzi mwenyewe alikiri kwamba kopo lilikuwa lake.

Kobe alirudi kwenye chumba cha vielelezo. Kifuniko kilichoanguka kilikuwa kimelazwa juu ya gunia. Alichukua wembe akakwangua ile rangi ya kijani kidogokidogo, kama mtu anayemenya yai la moto. Kama mtunza jengo aliipaka kijani juu ya nyekundu, basi chini pangekuwa na nyekundu. Hapakuwa nayo. Chini ya kijani palikuwa zege.

"Basi mkaguzi ndiye mwongo," alisema Koplo. "Alipaka kijani kwenye ubovu, sasa anajitetea kwamba alipaka nyekundu."

"Ndivyo nilivyofikiri jana. Umetoka hospitali?"

"Nimetoka. Fundi cherehani anaongea. Na amenivuruga kichwa, mzee."

"Amesemaje?"

"Siku ya ukaguzi, mkaguzi alimfuata pale barazani. Akamwambia, 'Mzee, ondoa cherehani yako hapa, juu yako pamechoka.' Fundi akaihamishia upande wa pili wa mlango. Siku mwashi alipomaliza kazi na kushusha vifaa vyake, fundi akaona mambo yamekwisha, akarudi mahali pake."

Kobe aliuweka wembe chini. Mkaguzi alijua kwamba kona ni mbovu, na akamtahadharisha mtu. Je, mtu anayejua hivyo anaweza kupanda na kupaka kijani hapohapo? Na kama alipaka nyekundu, ilikwenda wapi bila kuacha hata doa?

"Waite wote wawili juu ya paa," alisema. "Mkaguzi na mwashi. Nataka wagombane mbele yangu."

Walipanda. Kobe alipumzika kila ghorofa akijifanya anasoma majina milangoni. Walipofika juu, jua lilikuwa limeshika, na lami mpya iliyotandazwa kwenye paa zima ilikuwa imelainika. Kiatu cha Koplo kikanasa akabaki na soksi.

"Hiki nacho ni kielelezo?" alisema akikivuta.

Mkaguzi alikuwa mtu mkavu, shati limepigwa pasi, kamba ya timazi ikichungulia mfukoni. Mwashi alikuwa pande la mtu, na hakusubiri kuulizwa.

"Huyu bwana ananichafulia jina mjini. Eti sikujenga penye nyekundu! Mkaguzi, hiyo miwani yako ni ya kuonea au ya kupendezea?"

"Na huo mwiko wako," alijibu mkaguzi, "ni wa kujengea au wa kupakulia ubwabwa?"

"Ubwabwa wangu haujawahi kumvunja mtu mguu!"

"Inatosha," alisema Kobe. "Sitaki maneno, nataka miguu. Kila mmoja aende asimame pale alipoiona nyekundu. Msitazame rangi ya leo. Nendeni mnavyokumbuka."

Mkaguzi alikwenda moja kwa moja mpaka kona ya mtaa, akasimama kando ya pengo, chini yake kile kibaraza kilichochanika. Mwashi akaenda upande wa pili, mpaka kwenye tangi la maji. Walisimama kwenye ncha mbili za ukuta mmoja kama nguzo za goli, kila mmoja amekunja mikono, kila mmoja na uhakika wake. Nyekundu ilikuwa kwa mwashi, juu ya vifuniko vilevile alivyovirudisha kama alivyovikuta baada ya kujenga upya. Mtu yeyote mwenye macho aliiona.

"Nilipauona ubovu hapa," mkaguzi alipaza sauti. "Timazi iliacha ukuta kwa upana wa kidole. Nilipogonga, sauti ilitoka kama debe."

"Na mimi nilikuta nyekundu hapa," alijibu mwashi. "Nikabomoa."

"Ulipobomoa, ulikuta nini?" aliuliza Kobe.

Mwashi alikuna shingo. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kumwona akitafuta neno.

"Kusema kweli, afande, nilishangaa. Nyundo ilikuwa inaruka inanirudia. Tofali zilishikana kama ndugu wanaogawana kiwanja, hakuna anayekubali kutoka. Nikamwambia Baba Pacha, 'Huu ukuta unatuzidi umri sote na bado utatuzika.' Akasema rangi ni nyekundu, tutafanyaje? Nikasema wenye elimu wamesema, mimi nani. Nikabomoa."

"Na hukumuuliza mkaguzi?"

"Nimuulize nini? Rangi ilikuwa imeshajibu."

Kobe aligeuza ndoo, akaikalia. Kichwa kilikuwa kinamzunguka, na si kwa sababu ya urefu wa jengo. Mkaguzi alisema kweli. Fundi cherehani aliyelazwa alikuwa shahidi wake. Mwashi alisema kweli. Hakuna anayejitungia hadithi ya kubomoa ukuta mzuri. Baba Pacha alisema kweli. Kopo, mlango wa mita na wembe vilimtetea. Watu wakweli, ukuta mmoja, na nyekundu iliyohama.

"Mkaguzi, njoo hapa. Nionyeshe unavyopaka. Polepole."

Mkaguzi alikuja. Juu ya ukuta wote vililazwa vifuniko vya zege, kimoja baada ya kingine, vya kuzuia mvua isiingie kwenye tofali. Vyote vilikuwa na kipimo kimoja. Aliweka kidole juu ya kimoja.

"Sipaki tofali, kwa sababu upande wa ndani huwa na ukungu, rangi haishiki. Napaka juu ya vifuniko. Kila vinapokutana viwili, napiga mstari mmoja unaotoka kifuniko hiki na kuvuka mpaka kile. Brashi haiinuki. Ndivyo tulivyofundishwa, sote."

"Kila panapokutana viwili?"

"Kila panapokutana, afande. Kwa unyoofu wa mkono wangu nakuapia."

"Nionyeshe mmoja uliovuka."

Mkaguzi aliinama kwenye kiungo kilichokuwa karibu. Palikuwa na nusu mstari upande huu, na nusu mstari upande ule. Lakini wa huku ulikuwa juu, karibu na ukingo wa nje, na wa kule ulikuwa chini, ndani. Hazikukutana. Alihamia kiungo cha pili. Huko nusu moja ilikuwa nene, nyingine nyembamba, na zimepishana kama watu wawili mlangoni. Cha tatu vilevile. Aliendelea kuinama na kuinuka mpaka mwisho wa ukuta, na kila alipoinuka uso wake ulikuwa umepungua damu.

"Huu si mkono wangu," alisema. Kisha akajisahihisha. "Ni mkono wangu. Lakini sikupaka hivi."

"Ukuta umetembea!" alisema mwashi, na safari hii hakuwa anatania.

Koplo alifanya haraka kuvaa kiatu.

"Ukuta haukutembea," alisema Kobe. Alitoa kalamu mfukoni, akaichomeka chini ya mdomo wa kifuniko kimoja, akaitoa. Ncha ilikuwa nyeusi. Alipiga magoti, shavu karibu na paa, akatazama kwa chini. Ile lami ya sakafuni haikuishia ukutani. Ilikuwa imepanda ukuta kwa ndani, ikakunjwa juu, ikaingia chini ya vifuniko.

"Mwashi. Wewe ni mtu wa kazi hizi. Lami inaingiaje chini ya kifuniko cha zege?"

"Haiingii yenyewe. Lazima kwanza uki..." Mwashi alikitazama kifuniko. Mdomo ulibaki wazi.

"Lazima kwanza ukiinue," alimalizia Kobe. "Nani alipaka lami hapa?"

"Masizi. Fundi lami. Alikuja kabla yangu, paa lilikuwa linavujia wapangaji wa juu. Lakini afande, yeye hakugusa ukuta! Kazi yake ni sakafu."

"Ndivyo alivyosema Baba Pacha. Nilimuuliza nani aligusa ukuta, akanijibu kuhusu ukuta. Kosa ni la swali langu. Huyo Masizi anapatikana wapi?"

Mwashi alinyoosha mkono. Mtaa uleule, mapaa machache mbele, moshi mweusi ulikuwa unapanda kutoka kwenye pipa la kuchemshia lami.

Masizi alistahili jina lake. Alikuwa mweusi kwa lami mpaka kwenye nyusi, na alikuwa anapiga mluzi. Pembeni yake vifuniko vya zege vilirundikwa kimoja juu ya kingine. Alipowaona polisi aliacha mluzi.

"Salama, wakubwa? Kama ni moshi, mwenye jengo ameruhusu."

"Salama, fundi. Si moshi," alisema Kobe, akihema. "Endelea na kazi. Nataka kutazama tu."

"Kutazama lami?"

"Nina paa linavuja."

Masizi alimtazama Koplo, akamtazama mkaguzi, akaona hakuna anayecheka, akaendelea. Alimimina lami, akaisukuma kwa brashi ndefu, akaipandisha ukutani. Kisha akaenda kwenye rundo, akainua kifuniko cha juu kabisa.

"Hivyo ulivianza kuvitoa wapi?" aliuliza Kobe.

"Kule." Alionyesha kwa kidevu upande wa barabara. "Nikaja navyo mpaka huku."

"Na kuvirudisha unaanzia wapi?"

"Kulekule. Ndiko lami ilikokauka kwanza. Nikianza huku nitakanyaga ya moto, nitazikwa na viatu."

Akakibeba kifuniko, akakilaza mwanzo kabisa wa ukuta. Akarudi kwenye rundo, akachukua kilichofuata. Kobe alikifuata kwa macho. Kilichotolewa mwisho, ndicho kilichokuwa juu ya rundo. Kilichokuwa juu ya rundo, ndicho kilichorudi kwanza. Cha mwisho kikawa cha kwanza, na cha kwanza kingekuwa cha mwisho. Koplo alielewa sekunde moja baadaye, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Simama hapo, fundi," alisema Kobe.

"Nimekosa nini?"

"Sijajua kama umekosa. Hiyo rangi juu ya vifuniko, unaijua?"

"Hii kijani na nyekundu? Naiona kila paa. Nilidhani watu wanajaribia brashi zao." Masizi aliwatazama mmoja mmoja, hofu ikimwingia. "Wakubwa, hivi vinatoka kalibu moja. Havina cha kwanza wala cha mwisho. Ukikilaza kikalala, kimelala. Hakuna aliyeniambia kitu."

"Hukumwambia?" Kobe alimgeukia mkaguzi.

"Nimwambie nani, afande? Mimi nikishuka, yeye hajapanda. Hatujawahi kukutana maishani."

"Shikamoo, basi," alisema Masizi kwa unyonge, akampa mkaguzi kiwiko, maana kiganja kilikuwa lami tupu.

Maneno matupu hayatoshi kumtoa mtu mahabusu. Kobe aliwarudisha wote kwenye paa la kwanza, na Koplo akaenda kituoni kukileta kile kifuniko kilichoanguka, amekibeba begani kama mama anayetoka kusaga. Masizi na mwashi walianza kuvishusha vifuniko na kuvipanga sakafuni, sambamba na ukuta, kinyume cha vilivyokuwa. Vile vya karibu na tangi mwashi alikuwa amevifunga kwa saruji yake mwenyewe.

"Kazi yangu mwenyewe naibomoa," alilalamika akigonga tindo. "Tazameni ilivyo ngumu. Andika hilo kwenye maelezo, afande. Andika ilikuwa ngumu."

Mkaguzi alifuata nyuma akitambaa, akivisogeza kwa kiganja. Kiungo cha kwanza, nusu mbili za mstari zikakutana. Cha pili zikakutana. Nene kwa nene, nyembamba kwa nyembamba, hata pale brashi ilipoacha unywele, unywele ule ulivuka kutoka zege hili hadi zege lile bila kukatika. Kile kifuniko cha barabarani kilipata mwenzake upande wa tangi. Na nyekundu, ikisukumwa kidogokidogo juu ya lami, ikafika mahali pake. Ilisimama mbele ya pengo, juu ya kibaraza cha fundi cherehani.

Mkaguzi alikaa chini na shati lake la pasi, juu ya lami, bila kujali.

"Nilimwambia ahame," alisema. "Akahama."

"Akaona mwashi ameshuka, akarudi," alisema Kobe. Kisha akamgeukia fundi lami. "Masizi, mtaa huu umefanya mapaa mangapi tangu ukaguzi?"

"Karibu yote, mkubwa. Mvua ilikuwa inakuja." Aliyatazama mapaa ya mtaa. "Nilikuwa na kazi nzuri mwaka huu."

Koplo alichungulia barabarani. Jua lilikuwa kali, na watu walikuwa wanatembea kwa kubanana na kuta, wakifuata kivuli.

Mkuu wa kituo alisikiliza mpaka mwisho akizungusha kalamu.

"Sasa, Kobe. Mkaguzi ana kosa?"

"Alipaka palipostahili."

"Mwashi?"

"Alibomoa palipopakwa."

"Mtunza jengo?"

"Alisimamia kilichopakwa."

"Huyo wa lami basi! Huyo ndiye mtu wetu."

"Hakuna aliyemwambia alama ni nini, afande. Na anayepaka alama hakujua kwamba anapaka juu ya kitu kinachoinuliwa. Mmoja anaviona ni ukuta, mwenzake anaviona ni vifuniko."

"Kwa hiyo unataka jalada liende bila mtu ndani yake?"

"Nataka mtu aliyemo atoke."

Mkuu aliitupa kalamu mezani. "Nikimwandikia mwendesha mashtaka kwamba vifuniko viligeuzwa kama sahani zinazooshwa, atanicheka mpaka nistaafu."

"Nitaandika mimi. Acheke jina langu."

Mkuu akamsukumia karatasi yenye nembo ya kituo.

Kobe aliandika kwa mkono wake, herufi za kusimama, bila kufuta. Aliandika kwamba kituo hakina ushahidi wowote dhidi ya mtunza jengo na kinaomba aachiwe leo. Akaeleza jinsi mistari ilivyokutana, na nani aliiona ikikutana. Alifika hapo akasimamisha kalamu, akaongeza aya nyingine iliyomchukua muda zaidi kuliko zote: kwamba katika mtaa uleule yapo mapaa mengine yaliyopakwa lami na fundi yuleyule baada ya ukaguzi, kwamba juu ya mapaa hayo kijani haina tena maana ya kijani, na kwamba anamwomba mwendesha mashtaka aipeleke nakala ofisi ya jiji leo hii, njia ya waenda kwa miguu ifungwe kabla mvua haijarudi. Alisoma mara mbili. Akatia sahihi.

Akaikunja karatasi, akaitia kwenye bahasha, akailamba gundi na kuibana kwa ngumi. Mkuu wa kituo akachukua muhuri wake na kuupiga pale mdomo wa bahasha ulipofungwa, nusu juu ya kifuniko, nusu chini.

"Koplo," alisema Kobe, "mpe mkononi mwake. Si kaunta, si karani. Mkononi."

"Nimeelewa, mzee."

Koplo alipotoka nayo, Mama Pacha alikuwa ameshainuka kwenye benchi, kanga ameikaza kiunoni.

"Hiyo ndiyo barua yetu?"

"Ni ya serikali, mama."

"Tembea basi, dada. Nipo nyuma yako, na nakuomba usipite chini ya kuta."

Wakatoka pamoja, Koplo ameishika bahasha kwa mikono miwili, Mama Pacha hatua moja nyuma, wote wawili wakitembea katikati ya barabara huku magari yakiwapigia honi.